Vijiti Kumi na Saba

Karani mmoja, akihesabu marobota ya uzi,
alichora vijiti kumi na saba pembeni mwa daftari
akasahau kuvikata mkato, vitano vitano.
Shangazi Halszka, mkagua hesabu za kiwanda,
hakuona marobota. Aliona namba:

11111111111111111

akaiuliza, kama mtu amwulizavyo mgeni ukoo wake,
"Wewe unagawanyika kwa nani?"

Hiyo ilikuwa Łódź, enzi ambayo theluji
ilianguka ikiwa nyeusi tayari kwa moshi.
Mashine ya hesabu ilikuwa mali ya meneja;
usiku, meneja akilala, ilikuwa yake:
mkono wa chuma, na kengele ndogo
iliyomkaripia kila alipotoa kupita kiasi.

Si kwa mbili, hilo hata mtoto analiona.
Si kwa tatu: jumlisha vijiti, tatu haiingii.
Si kwa kumi na moja, maana vikipangwa viwili viwili
kimoja kinabaki mlangoni bila mwenzake.
Kisha sheria aliyoibeba tangu shule:
kigawanyo tasa chochote cha namba hii,
ukikipunguza moja, thelathini na nne itakimaliza.

Basi akatembea kwa hatua hizo.
Thelathini na tano: ruka, ni mzigo wa tano na saba.
Sitini na tisa: ruka, ina tatu tumboni.
Mia moja na tatu: zungusha. Imebaki. Hapana.
Mia moja thelathini na saba: zungusha.
Hapana.

Miaka sita ya hapana, kwa wino wa zambarau.

Tasa.
Ndivyo tunavyoiita namba isiyogawanyika,
na ndivyo walivyomwita yeye, kwa sauti ya chini,
wanawake wa foleni ya mkate.
Alikuwa na masikio mazuri sana, shangazi.

Hatua ya sitini elfu mia tisa thelathini na tatu
ilimfikisha kwenye 2,071,723.
Akazungusha. Vidirisha vya mashine
vikajaa sifuri, moja baada ya nyingine,
kama macho ya samaki juu ya barafu.
Akarudia. Akarudia tena kwa penseli,
kisha akashuka ngazi hadi kwenye tanuri
kwa kuwa hapakuwa na mtu mwingine aliye macho.

Zenobiusz, mchochea makaa, alisikiliza hadi mwisho,
akafuta pua kwa kiwiko, akauliza:
"Na yule mkubwa aliyebaki? Naye atapasuka?"

5,363,222,357.

Shangazi alifungua kinywa aseme sijui,
akacheka mpaka akashika ukuta.
Angepasuka yule, kipande chake kidogo
kisingeishi mbali kuliko elfu sabini na tatu na ushei,
na mtaa wote huo alikwisha kuupigia hodi,
nyumba kwa nyumba, katika daftari la kwanza.
Hapana zote zile! Kumbe zilikuwa mashahidi.

Alama ya kidole cha makaa ipo ukurasa wa mwisho.
Sijui ni cha nani kati yao.

Madaftari yalikuwa kumi na mawili. Ninayo kumi na moja.
La kwanza liliwasha jiko, majira ya baridi ya vita,
ukurasa kwa ukurasa, kwa ajili ya mtoto
aliyekuwa akikohoa damu.
Mtoto huyo anaandika haya, ana miaka themanini na minne,
na anavaa soksi mbili mbili.

Mjukuu wangu anasema kompyuta humaliza kazi hii
kabla mtu hajamaliza kupiga chafya.
Najua. Nimemwona akifanya.
Lakini ukurasa ulioungua uliungua kwangu,
kwa hiyo natembea, thelathini na nne, thelathini na nne,
meza ikiwa imeegemea dirisha, chai ikipoa.

Usiku huu nimefika 40,903.
Imebaki elfu thelathini na sita, mia tatu sitini na moja.

Hapana.